SOMO LA KIKUNDI: Usafiri wa haraka uwafikie vipi wakazi wa pembezoni?

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya mitaa, kamati za maendeleo na viongozi wa dini ambao watu wao huishi mbali na katikati ya jiji. Mfano tunaoutumia ni Dar es Salaam, lakini maswali yake yanafaa kwa jiji lolote linalokua haraka. Somo linahitaji kama saa moja na nusu.

Baada ya somo, washiriki wataweza:
• kueleza jinsi mabasi yaendayo haraka yanavyofanya kazi;
• kulinganisha njia tatu za kupanua usafiri huo;
• kuandaa maswali ya kuwauliza viongozi wakati mradi unapopangwa katika eneo lao.

Kwa nini tujadili usafiri?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni 1 katika miaka 10. Familia nyingi hazikupata nafasi Upanga wala Kariakoo. Zilikwenda mahali kiwanja kilipopatikana kwa bei wanayoiweza: Chanika, Kivule, Goba, Mbezi, Bunju, Kongowe, Kigamboni. Lakini ofisi, masoko makubwa na hospitali za rufaa nyingi zilibaki mjini.

Matokeo yake ni kwamba mtu aliyehamia mbali kwa sababu kipato chake ni kidogo ndiye anayelipa nauli nyingi na kuamka mapema kuliko wengine. Mama anayeuza chakula mjini hutoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi watoto wakiwa wamelala. Mwanafunzi anayelipa nauli pungufu huachwa kituoni kwa sababu kondakta anataka abiria wa nauli kamili. Kwa hiyo suala la usafiri ni suala la kipato, la afya na la malezi.

Mfumo unavyofanya kazi

Mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi huyaita mwendokasi, hayana ajabu yoyote katika injini zake. Wepesi wake unatokana na mambo manne:

1. Basi lina njia yake katikati ya barabara, hivyo halikai kwenye foleni.
2. Abiria hulipa nauli kituoni kabla ya kupanda, hivyo basi halisimami muda mrefu.
3. Sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi. Mzee, mama mjamzito na mtu anayetumia kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi.
4. Mabasi mlishi huleta abiria kutoka mitaani hadi kwenye njia kuu.

Likikosekana mojawapo ya haya, hasa la kwanza na la nne, kinachobaki ni basi kubwa tu.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) ulianzishwa 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza 2012 na huduma ikaanza Mei 2016, kwenye njia ya kama kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Safari ya Kimara hadi mjini, ambayo saa za asubuhi iliweza kuchukua saa mbili, ilishuka hadi chini ya saa moja. Jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, likiwa la kwanza Afrika kuipata.

Mpango mzima una awamu sita. Ya pili ni ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ya tatu ni ya Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, ya nne ni ya Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta. Awamu ya tano imepangwa kufuata Barabara ya Mandela, na ya sita Barabara ya Mwai Kibaki. Tazameni vizuri majina hayo. Hata awamu zote zikikamilika, mkazi wa Chanika, Kivule au Bunju bado atakuwa na safari ya kufika kwenye kituo cha kwanza.

Njia tatu za kupanua

*Njia ya kwanza: kurefusha barabara maalumu hadi mwisho wa jiji.* Wanaoitetea husema kwamba kila mwananchi ana haki ya huduma ileile, na kwamba kubadili gari njiani kunachosha na kuongeza gharama. Hoja hii ina uzito. Ugumu wake ni kwamba pembezoni nyumba zimetawanyika. Asubuhi mabasi huingia mjini yamejaa na kurudi karibu matupu, na jioni ni kinyume chake. Mafuta na mshahara wa dereva hulipwa kwa safari zote mbili, lakini abiria walipaji wako katika moja tu. Tena kila kilomita ya barabara mpya hugusa nyumba na biashara za watu.

*Njia ya pili: kuimarisha mabasi mlishi.* Hapa njia kuu inaishia mahali penye watu wengi, na mabasi madogo huingia mitaani kwa ratiba na tiketi moja. Ni nafuu na inaweza kuanza mapema. Ugumu wake uko katika utekelezaji. Mlishi asipofika kwa wakati, abiria hupanda bodaboda au bajaji, na nauli ya mwendo huo mfupi inaweza kuzidi ya njia kuu. Pia barabara za mitaa zenye mashimo na matope hazipitiki na basi wakati wa masika.

*Njia ya tatu: treni.* Dar es Salaam ilianza kutumia treni za abiria wa jijini Oktoba 2012, kwenye reli zilizokuwapo za TAZARA na Reli ya Kati. Treni hubeba watu wengi kwa mara moja, lakini reli haihami kuwafuata watu, na vipuri vyake ni vya gharama. Addis Ababa ilizindua treni zake za jijini 2015. Miaka michache baadaye nyingi kati ya treni zake 41 zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri na matengenezo.

Kuna pia funzo la Lagos. Machi 2008 jiji hilo lilianza huduma ya mabasi kwenye kilomita 22, ikiwa imejengwa kwa miezi kama 15 tu. Halikujenga kila kitu kwa ubora wa juu, na baadhi ya sehemu za barabara hazikutengwa kabisa. Lakini watu walisafiri mapema. Dar es Salaam ilijenga vizuri zaidi, na ikasubiri zaidi.

Mambo manne yasiyopaswa kusahauliwa

*Mabasi yenyewe.* Barabara si huduma. Awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140 wakati mpango ulihitaji 305, na msongamano vituoni ukawa malalamiko ya kila siku. Ujenzi wa njia ya Mbagala ulianza 2019, lakini huduma ilianza 2025. Kwa muda mrefu wakazi waliitazama barabara iliyokwisha kujengwa huku wakibanana kwenye daladala.

*Nauli.* Mwaka 2016 nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu na 800 kwa njia kuu pamoja na mlishi. Nauli zimebadilika tangu hapo, lakini hesabu ni ileile. Anayelipa 800 kwenda na 800 kurudi, kwa siku 24 za kazi, hutumia shilingi 38,400 kwa mwezi. Fanyeni hesabu kama hiyo kwa nauli za sasa za mtaa wenu.

*Watu wanaoguswa.* Huduma ilipoanza 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia ya Kimara hadi mjini. Madereva, makondakta na wapiga debe walipoteza riziki au kuhamia njia nyingine. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Serikali ilisimamia sheria ya hifadhi, wakazi wakasimamia miaka waliyoishi pale. Mazungumzo yanayofanyika baada ya tingatinga kufika huwa yamechelewa.

*Maji.* Karakana ya Jangwani ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi. Mara kadhaa mvua kubwa zimefunga barabara pale na kusimamisha huduma. Wazee wa mtaa hujua maji hupita wapi, nao waulizwe kabla ya ramani kukamilika.

Tuchague ipi?

Kwa maoni yetu, mahali pengi njia ya pili ndiyo ya kuanzia: mabasi mlishi ya uhakika, barabara za mitaa zinazopitika, na tiketi moja. Wenye daladala wapewe nafasi ya kwanza kuendesha mlishi, kwa mikataba inayowalipa kwa safari wanazofanya, si kwa kugombea abiria. Barabara maalumu irefushwe pale ambapo abiria tayari ni wengi. Jambo lingine ni kupeleka huduma pembezoni, ili mabasi yasirudi matupu. Hospitali ya Mloganzila, na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichofunguliwa Mbezi 2021, vimewapa watu sababu ya kusafiri kwa upande wa pili.

Hata hivyo, msiyapokee maoni haya bila kuyapima. Mtaa wenye watu wengi ambao umesubiri miaka 10 una haki ya kuuliza kama “tuanze na mlishi” si namna nyingine ya kuambiwa “subirini”.

Zoezi la mjadala (dakika 40)

Gaweni washiriki makundi matatu, kila kundi litetee njia moja. Katika kila kundi awepo angalau mmoja kati ya hawa: mfanyabiashara ndogondogo, mwanafunzi, dereva au kondakta, na mtu mwenye ulemavu au mzee. Kila kundi lizungumze dakika 7, kisha lijibu maswali. Mwishoni kila mtu aseme hoja moja ya upande mwingine iliyomgusa.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayetumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kwa nauli?
2. Kutoka nyumbani hadi kituo cha kwanza ni dakika ngapi kwa miguu? Je, njia hiyo ni salama kwa msichana saa 11 alfajiri?
3. Mradi ukija, nani atapoteza nyumba au kazi? Je, jina lake limeandikwa mahali popote?
4. Nani atanunua mabasi, na yatafika lini ukilinganisha na barabara?

Hatua ya kuchukua

Kabla ya mkutano ujao, wanakikundi watano waandike kwa wiki moja muda na nauli ya kila safari yao. Pelekeni orodha hiyo kwenye mkutano wa serikali ya mtaa na mwombe isomwe, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na nakala ifikishwe kwa diwani.