King'ora Kinalia "Pii" Usiku? Anza na Betri

Wadogo zangu, mwezi huu wengi mmeniandikia jambo lilelile, kwa hiyo nawajibu kwa pamoja. Mnasema kile kibao cha namba cha king'ora pale mlangoni kimeanza kulia "pii" kila baada ya muda, na kitaa cha njano kinawaka. Ukibonyeza namba ya siri kinanyamaza, usiku wa manane kinaanza tena. Mmoja wenu wa Tegeta ameshaambiwa na fundi kwamba mtambo umekufa wote, ung'olewe uwekwe mwingine. Jamani! Mdogo wangu, usitoe hata shilingi. Mara nyingi mlio huo ni mtambo kudai betri tu.

Tafuta sanduku la mtambo, kwa kawaida la chuma au plastiki ngumu, ambalo mafundi hupenda kulificha stoo au juu ya kabati. Ndani yake mna betri ndogo lakini nzito, kilo mbili na zaidi. Umeme ukiwepo inachajiwa polepole muda wote. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha saa nane usiku nawe umelala, ndiyo inayoubeba mtambo mzima. Tena nyumba nyingi za mjini mita na swichi ziko nje, ukutani au kwenye nguzo. Mwizi mwenye akili anaanzia hapo. Kwa hiyo wewe uliyeniambia umeziba kispika kwa gundi ili ulale, nakuomba ukizibue. Umenyamazisha taarifa, tatizo liko palepale.

Betri hizi ni za risasi na asidi, zilizozibwa. Watengenezaji wengi husema hudumu miaka 3 hadi 5, ila hesabu hiyo ni ya joto la nyuzi 20 hadi 25. Sasa stoo ya Dar es Salaam mwezi wa pili ina nyuzi ngapi? Kwa kawaida kila zinapopanda nyuzi 10 juu ya hapo, umri wa betri hupungua karibu nusu. Halafu ongeza mgao wa umeme kama ule wa mwishoni mwa 2023. Betri ya namna hii haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho, na ikiachwa tupu siku kadhaa ndani huganda chumvi za risasi na haishiki chaji tena. Mimi kwa huku Pwani sisubiri miaka mitano. Ikifika ya tatu nabadilisha, hata kama hailii.

Ukienda dukani, nenda na picha ya lebo ya ile ya zamani. Nyingi zimeandikwa 12V 7Ah, lakini usikisie. Ni aina ileile inayokaa kwenye UPS za kompyuta, basi wauzaji wa vifaa hivyo wanazo. Angalieni mitego miwili. Wa kwanza ni kuuziwa betri ya pikipiki kwa sababu namba zimefanana. Zile za kujazwa maji zina tundu la kupumulia na asidi yake inaweza kumwagika, hazifai kufungiwa ndani ya sanduku lenye vifaa vya umeme. Wa pili ni betri mpya iliyolala dukani muda mrefu. Mwambie muuzaji aipime kwa mita mbele yako. Nzima, ambayo haijafungwa popote, husoma karibu volti 12.8 au zaidi. Ikisoma 12.3, mrudishie na tabasamu lako. Tazama na masikio yake, yale mabati mawili ya kuchomekea waya: kuna membamba ya milimita 4.75 na mapana ya 6.35. Ukichukua yasiyolingana, waya zitalegea.

Kabla hujagusa chochote, piga simu kwenye kampuni ya ulinzi inayokuangalia, waambie unafanya matengenezo. Usipowaambia, gari la askari litafika na virungu wakukute umepanda stuli. Fanya kazi hii mchana, na jirani ajue, maana king'ora cha nje huwa na betri yake ndogo na kinaweza kulia chenyewe kikihisi kimekatiwa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mitambo mingi ya kwetu waya wa umeme wa nyumba, volti 230, unaingia moja kwa moja ndani ya sanduku lile. Zima breka yake kabisa kabla ya kufungua kifuniko. Kama hujui ni breka ipi, au ukifungua unaona waya usizozielewa, mwite fundi umeme, nawe usimame hapo uangalie. Si aibu.

Vua pete na bangili. Bangili ikigusa masikio yote mawili ya betri kwa pamoja inakuwa nyekundu kwa moto mkononi mwako. Chomoa waya mweusi, kisha mwekundu, ukishika kile kibanio, usivute waya. Ukifunga betri mpya anza na mwekundu, umalizie mweusi. Ukichomeka mwekundu pa mweusi, ukipona umeunguza fyuzi tu. Usipopona umeunguza ubao mzima, na hapo yule fundi wa kung'oa atakuwa amepata haki yake.

Washa breka. Kitaa kisipozimika papo hapo usihangaike, betri inaweza kuhitaji siku nzima kujaa. Kesho yake zima umeme, acha saa moja, kisha jaribu king'ora kwa sekunde chache. Betri mpya ikichoka ndani ya wiki chache, huenda kosa ni la chaji. Fundi apime waya za betri. Panapaswa kuwa na volti 13.5 hadi 13.8. Ukimaliza, wapigie tena walinzi warudishe uangalizi. Wengi husahau hilo.

Imebaki betri ya zamani. Msiitupe jalalani, wala msimpe anayeyeyusha risasi uani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido aliwapigania hadi akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo kabla hujalipia betri mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani na anaipeleka wapi. Akikosa jibu, nenda duka la pili.