SOMO: Gari la Kikundi na Saa ya Kufungua Vali



Somo la mara hii linatoka kwa kikundi kimoja cha wakulima wa viazi. Waliweka akiba miaka mitatu, wakanunua Toyota Probox iliyotumika. Bei ilikuwa nafuu, na sababu ilijulikana baadaye: mwenye gari wa kwanza alikuwa kijana wa kupenda mbio. Alikuwa ametia kemshafti nyingine, ekzosi pana, na kompyuta ya injini inayoweza kurekebishwa. Kwenye lami gari lilikuwa moto. Lakini likipakiwa magunia sita, mlima lilikataa, na likisimama lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nusu ya wanachama walitaka liuzwe hata kwa hasara. Mimi si fundi, lakini nilikaa na fundi siku mbili nikimsumbua kwa maswali.

Injini inavuta hewa kwa vali za kuingiza, na inatoa moshi kwa vali za kutoa. Kemshafti ndiyo inazifungua. Katika magari ya zamani, saa ya kufungua haikubadilika. Probox nyingi za petroli zina VVT-i: oili inasukuma kifaa kilicho mbele ya kemshafti, na vali za kuingiza zinafunguka mapema au kuchelewa. Kwa injini ya 1NZ-FE, nafasi hiyo ni karibu digrii 40 za mzunguko wa krankishafti. Kompyuta ndiyo inaamua.

Kwa nini saa ibadilike? Injini ikienda polepole na mzigo, vali ikichelewa kufunga, pistoni inarudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Basi nguvu inapotea. Ikienda kasi sana, hewa ina mwendo wake, inaendelea kuingia hata pistoni ikianza kupanda, kwa hiyo kuchelewa kunafaa. Na gari likisimama likinguruma tu, tunataka vali za kuingiza zichelewe kufunguka, zisikutane wazi na zile za kutoa, maana moshi ukirudi ndani injini inatetemeka. Unaona sasa? Gari letu lilipangwa kwa kasi, na sisi tuna milima.

Yule fundi hakugusa kompyuta kwanza. Alimwaga oili, ikatoka nyeusi kama lami. Akafungua kichujio kidogo cha oili ya VVT, kilikuwa kimeziba. Akapima umeme wa vali ya kuongoza oili: ikiwa baridi inatakiwa kuwa kati ya omu 6.9 na 7.9. Hiyo ilikuwa sawa. Ukirekebisha saa wakati oili haipiti, unarekebisha uongo. (Wengi jua kali wanaruka hapa, halafu wanakuuzia kompyuta.)

Jambo la pili ndilo la hatari. Kemshafti ikiwa si ya kiwandani, vali ikifunguka mapema mno inaweza kugonga pistoni, na hapo injini imekwisha. Alifungua hedi, akaweka udongo laini wa watoto juu ya pistoni, akarudisha hedi, akasukuma kemshafti mpaka mwisho wa mapema, akazungusha injini kwa mkono. Unene wa udongo uliobanwa ulimwonyesha nafasi iliyobaki. Kutokana na hapo aliweka mpaka ndani ya kompyuta. Fundi akikwambia hiyo kazi si lazima, chukua ufunguo wako uende.

Halafu ndiyo akaanza kupanga, gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu. Anashika mwendo mmoja na mzigo mmoja, anasogeza digrii 5, anatazama nguvu. Ikipanda anaendelea, ikishuka anarudi. Kila mara hewa ikiongezeka, petroli na moto wa plagi vinapimwa upya, la sivyo pistoni zinaungua. Hakubadilisha mambo mawili kwa pamoja hata mara moja.

Probox ilipoteza kidogo kwenye mwendo wa juu kabisa. Vijana walinuna. Lakini mlima inapanda na magunia sita, na ikisimama imetulia. Mweka hazina sasa anaandika tarehe ya kila oili kwenye daftari lile lile la akiba, na nakala ya mipango ya kompyuta iko kwa katibu, si kwa dereva.

Kwa kujadili mkikutana: gari lenu, au lile mnalotaka kununua, lilipangwa kwa kazi ya nani?