Kuunda na Kurekebisha Modeli ya Ndege: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Mtoto wa Ikinga, wilayani Ileje, haji shuleni mikono mitupu. Kabla hajajua kusoma amekwisha kuunda gari la mabua ya mahindi au la waya, akalifungia magurudumu na usukani. Mwalimu anayedharau ufundi huo huanza somo la sayansi mahali pasipo na msingi. Anayeutumia hupata nusu ya kazi imekwisha kufanyika. Nusu iliyobaki ni kumzoeza mtoto kuuliza kwa nini kitu chake kimefanya kilivyofanya.

Modeli ya ndege yafaa sana kwa kazi hii. Gari la mabua lililopinda huendelea kuvutwa. Ndege iliyokosewa huanguka mara moja, na jinsi inavyoanguka hueleza kosa lilipo. Katika Mkoa wa Songwe hamu ya mambo hayo ipo: mjini Tunduma fundi mmoja alipata kujulikana nchini kwa kuunda helikopta. Na ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi ya Malawi, serikali na UNICEF zilifungua mwaka 2017 huko Kasungu ukanda maalumu wa kujaribia ndege zisizo na rubani.

Walimu wengi watasema kwamba shule haina fedha za kununua ndege ya kuongozwa kwa redio. Ni kweli, lakini redio ni hatua ya mwisho. Mizani ya ndege, unyofu wa mabawa na kazi ya visukani hufundishwa kwa ndege ya kurushwa kwa mkono.

Shabaha ya Somo

Mwishoni mwa vipindi vinne mwanafunzi aweze: (a) kutafuta kitovu cha uzito cha modeli yake, (b) kutabiri ndege itaelekea wapi kisukani kikiinamishwa, (c) kurekebisha ndege kwa kubadili jambo moja tu kila mara na kuandika matokeo.

Zana

Povu jepesi jeupe ambalo hufungiwa televisheni na redio katika makasha hutupwa ovyo nyuma ya maduka ya mjini. Yatakiwa pia ufito wa mwanzi, selotepu, rula, udongo wa mfinyanzi na gundi nyeupe ya maseremala. Mwalimu asitumie gundi ya viatu, maana huliyeyusha povu. Kazi ya wembe aifanye mwalimu mwenyewe.

Vipimo vifuatavyo vyafaa. Bawa: urefu sentimita 40, upana sentimita 8, unene nusu sentimita. Mkia wa kulala: sentimita 16 kwa 4. Mkia wa kusimama: sentimita 6 kwa 5. Kiwiliwili: ufito wa sentimita 36. Ukingo wa mbele wa bawa uwe sentimita 10 kutoka puani. Bawa likatwe katikati na kuunganishwa tena ili kila ncha iinuke sentimita 3. Kundi moja lipewe bawa lililonyooka kabisa. Sababu yake itaonekana baadaye.

Kipindi cha Kwanza: Mizani

Wanafunzi wachore chini ya bawa mstari ulio sentimita 2.4 kutoka ukingo wa mbele, yaani karibu thuluthi moja ya upana. Kisha waiegemeze ndege juu ya ncha za vidole viwili penye mstari huo. Karibu kila ndege itaangukia mkiani. Mwalimu asiseme dawa yake. Aulize: "Tufanye nini ili ilale sawa?" Atakuwapo mtoto aliyewahi kubeba ndoo mbili kwa mti begani, naye atajibu kwamba pua iongezewe uzito. Hapo udongo wa mfinyanzi ubandikwe kidogo kidogo hata ndege itulie.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mjini Paris modeli iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Iliruka kwa utulivu kwa sababu alikuwa ameweka mkia nyuma ya bawa na kulingana uzito vizuri. Injini za kubeba watu angani zilikuja miaka mingi baadaye, mizani ilitangulia.

Kipindi cha Pili: Kurusha na Kusoma Anguko

Kurusha kufanyike asubuhi kabla ya upepo, na ndege isukumwe taratibu pua ikielekea chini kidogo. Kila ndege irushwe mara tano kabla ya kuguswa, kwa kuwa mrusho mmoja huweza kudanganya.

Ndege ikiinua pua, ikasita, ikaanguka kidogo na kuinuka tena kama wimbi, pua ni nyepesi. Ikipiga mbizi moja kwa moja, pua ni nzito. Ikigeukia upande mmoja kila mara, bawa limepinda au mkia wa kusimama hauko wima. Ikigeukia pande mbalimbali, mkono wa mrushaji ndio wenye kosa, wala ndege isiguswe.

Hapa ndipo somo lilipo. Mtoto ambaye ndege yake imeanguka hutaka kubadili kila kitu kwa pamoja: aongeze udongo, akunje mkia, asogeze bawa. Ndege ikiruka vizuri baada ya hayo hatajua ni lipi lililosaidia, na ikianguka tena hatajua ni lipi lililoharibu. Basi kila kundi liwe na daftari lenye safu tatu: tumebadili nini, tulitabiri nini, tumeona nini. Mwalimu akague safu ya pili zaidi ya nyingine, kwa kuwa bila utabiri jaribio hugeuka kubahatisha.

Kipindi cha Tatu: Visukani

Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa kikatwe kipande cha sentimita 6 kwa 1.5, kikafungwe tena kwa selotepu ili kiweze kuinama. Kipande hicho huitwa eleroni. Kipande cha namna hiyo katika mkia wa kulala huitwa eleveta. Cha mkia wa kusimama ni usukani wa mkia.

Kabla ya kurusha, mwalimu aulize: "Eleveta ikiinuliwa, pua itakwenda juu au chini?" Watoto wengi husema chini, wakidhani mkia utapanda pamoja na kipande. Majibu yaandikwe ubaoni, ndipo ndege irushwe. Wataona pua ikipanda, kwa sababu hewa inayopiga kipande kilichoinuka huusukuma mkia chini. Kisha eleroni ya kulia iinuliwe na ya kushoto ishushwe, nayo ndege italalia kulia.

Sasa lile kundi la bawa lililonyooka lilinganishe. Ndege yenye ncha zilizoinuka ikilala upande, huelekea kujirudi yenyewe. Iliyonyooka hubaki ilivyo. Ndiyo sababu ndege ya kujifunzia huundwa kwa namna ya kwanza, na ile ya michezo ya angani, inayopinduka na kuruka chali, huundwa karibu na namna ya pili. Hiyo hungoja amri ya rubani, haijisahihishi.

Kipindi cha Nne: Redio

Ndugu pacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha mwaka 1937 modeli yao iitwayo Guff, miongoni mwa za kwanza duniani kuongozwa kwa redio. Tangu hapo vifaa vimepungua uzito, lakini kazi ni ileile: mahali pa kidole cha mtoto kilichoinamisha eleroni pamewekwa mota ndogo iitwayo sevo.

Chuo au shule ikipata ndege ya namna hiyo, taratibu hizi zifuatwe. Rafadha iondolewe kwanza, nayo isirudishwe mpaka ukaguzi umalizike, maana mota ya umeme huweza kuwaka ghafula na kukata vidole. Kitumaji kiwashwe kabla ya ndege na kuzimwa baada yake. Kila sevo iwekwe katikati ndipo mkono wake ufungwe. Mtu asimame nyuma ya ndege: kijiti kikipelekwa kulia, eleroni ya kulia ipande, kikivutwa nyuma, eleveta ipande. Ndege nyingi huvunjika katika mrusho wa kwanza kwa sababu ukaguzi huu wa dakika moja uliachwa. Siku ya kwanza visukani viwekewe mwendo mdogo. Mizani ipimwe betri ikiwa mahali pake, imefungwa isisogee.

Kurusha ndege ya redio ni jambo la sheria pia. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania husimamia vyombo hivyo kwa kanuni za mwaka 2018, na Ileje ni wilaya ya mpakani. Mwalimu atafute kibali kwanza. Akikikosa, ukaguzi wa ardhini peke yake ni somo kamili.

Tathmini

Mwalimu asitoe alama kwa ndege iliyofika mbali, kwani huenda ni bahati. Alipe kila kundi ndege iliyoharibiwa makusudi kwa kosa moja, na kulitaka litaje kosa baada ya mirusho mitano. Kundi linalotaja kosa na kutoa sababu limefaulu, hata kama ndege yake yenyewe ilivunjika siku ya pili.

Maswali ya Kujadiliana Chuoni

1. Mahali palipo mita 1500 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani, hata ndege huhitaji kasi zaidi kwa karibu asilimia 8. Utawaelezaje wanafunzi jambo hili bila hesabu ngumu?

2. Mwanafunzi ametabiri vibaya mara tatu, lakini ameandika kila kitu kwa uaminifu. Utamwambia nini mbele ya wenzake?

3. Taja kitu kingine ambacho watoto wa kijiji chako huunda wenyewe, ukaandike andalio la somo la sayansi kutokana nacho.