Herufi Moja Kati Yangu na Sare

Naomba nafasi niseme jambo ambalo semina nyingi za ajira hapa chuoni hazilifikii. Tunafundishwa kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili. Hatuambiwi kwamba baada ya kufaulu usaili kuna mlango mwingine. Mimi nilikwama hapo.

Mwaka jana niliomba kazi ya uhudumu wa ndani ya ndege. Usaili nikapita. Nikapewa wiki tatu za kuleta nyaraka na kufanyiwa vipimo. Sasa mimi ni mtoto wa Murungu, Kibondo, na baba yangu anaitwa Bukuru. Kwenye vyeti vyangu vya sekondari mtu aliandika Bukulu. Miaka yote niliona ni kichekesho tu, maana R na L watu huzichanganya kila siku. Kwa wakaguzi, Bukuru na Bukulu ni baba wawili tofauti.

Kwanza tuelewe wanatafuta nini. Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio uliozaa ICAO, shirika la kimataifa linalosimamia usafiri wa anga. Kiambatisho chake cha 17, kinachohusu ulinzi, kilipitishwa 1974, enzi ambazo utekaji wa ndege ulikuwa umeshamiri. Kinataka kila anayeingia maeneo ya ndani ya uwanja bila kusindikizwa awe amechunguzwa: ni nani, amepitia wapi, na pale sheria ya nchi inaporuhusu, kama ana rekodi ya jinai. Mhudumu wa ndege hupita maeneo hayo kila anapokwenda kazini.

Ulaya wanaangalia kazi na masomo ya miaka 5 iliyopita, na pengo la zaidi ya siku 28 lazima lielezwe. Kwa hiyo kama uliahirisha mwaka kwa sababu bumu halikutoka, ukarudi nyumbani kulima maharage, andika hivyo hivyo. Kulima si kosa. Kosa ni kuliziba pengo kwa kazi ambayo hukuifanya, halafu wapige simu.

Kwetu nyaraka za msingi unazijua: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, vyeti vya shule, na cheti cha tabia njema kutoka Jeshi la Polisi, ambacho hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Zote lazima ziseme jina moja.

Kwa sisi wa Kibondo na Kasulu kuna la ziada. Tunapakana na Burundi, kambi ya Nduta iko Kibondo, Nyarugusu iko Kasulu, na majina kama Bukuru na Minani yako pande zote mbili za mpaka. Baba alipofuatilia barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni wa hapa, kwenye ofisi moja aliulizwa babu yangu alizikwa wapi. Mzee akajibu, "Twendeni niwaonyeshe." Hakuna aliyeinuka, lakini siku nne zilipotea. Kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja nacho kikala siku zake. Wiki tatu zikaisha, nafasi ikaenda kwa mwingine. Nililia, siwadanganyi.

Vipimo vya afya havikunisumbua, ila navyo vina mantiki yake. Ndani ya ndege iliyo angani, hewa huwa nyepesi kama ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400 hivi. Hewa iliyonaswa masikioni na kwenye matundu ya pua hutanuka kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana wanachunguza masikio na mapafu, na ndiyo maana mwenye ugonjwa wa sikoseli anapaswa kumweleza daktari ukweli, kwa kuwa oksijeni ikipungua inaweza kumletea maumivu makali. Macho, moyo na viungo vinapimwa kwa sababu nyingine: ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 44 lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90. Mhudumu ndiye anayefungua ule mlango. Chai na juisi ni kazi ya pembeni.

Lakini kupimwa kuna mipaka. Mwaka 1996 Jacques Hoffmann aliomba kazi hii katika shirika la ndege la Afrika Kusini, SAA. Alifaulu hatua zote za mchujo, damu ikaonyesha ana VVU, akakataliwa. Shirika lilidai hataweza kuchanjwa homa ya manjano na hivyo hataruka kila nchi. Ushahidi wa kitabibu ukaonyesha kwamba mtu ambaye kinga yake bado iko imara anaweza kuchanjwa. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba ikasema huo ni ubaguzi, na ikaamuru apewe kazi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa sababu ya VVU, ujauzito au ulemavu, miongoni mwa mengine. Ila ujue pia, ukiomba kazi Falme za Kiarabu, kipimo cha VVU na cha kifua kikuu ni sharti la kibali cha ukaazi. Bora ulijue hilo kabla hujauza mbuzi wa nyumbani upate nauli.

Basi fanya haya sasa hivi, ukiwa bado mwaka wa kwanza au wa pili. Tandaza nyaraka zako zote kitandani, soma jina herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Palipo na tofauti, anza kurekebisha likizo hii. Chanja homa ya manjano mapema. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo na sasa ni cha maisha. Weka kumbukumbu ya kila ulipofanya kazi au field, na simu ya msimamizi. Na mtu akikuomba hela ili "apitishe jina lako", mkimbie.

Mimi nyaraka zangu sasa zote zinasema Bukuru. Nimeomba tena, nasubiri kuitwa. Juzi baba alipiga simu kuuliza kama kuna kingine wanachotaka kujua kuhusu babu. Nikamwambia hapana, mzee, safari hii tuko tayari.