Tangi la Matumbawe Lililotelekezwa Halifufuliwi kwa Siku Moja

Tangi la matumbawe lililokaa miezi bila mwangalizi humtia haraka kila anayekabidhiwa. Kioo kimefunikwa na mwani, mawe yameota manyoya ya kijani, mchanga umetandwa na utando mwekundu, na ndani ya hayo yote bado wanaogelea samaki wawili watatu, pembeni yao tumbawe laini likijikunjua kwa shida. Awe amelinunua kwa bei ya kutupa, ameachiwa na mpangaji aliyehama, au ameambiwa ashughulikie lile la ukumbini hotelini, wazo la kwanza huwa lile lile: mwaga maji yote, toa mawe, sugua, jaza upya. Mimi napinga wazo hilo kwa nguvu zote. Viumbe waliosalia humo wamesalia kwa sababu maji yaliharibika taratibu nao wakayazoea taratibu. Kinachowaua mara nyingi ni usafi unaowajia kwa ghafla, na kazi nzima ya kulifufua tangi ni kuupima mwendo wa kurudi.

Tuanze na hayo mawe yanayoonekana machafu. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na makali sana. Wengi wa bakteria hao hawaelei majini. Wamejishika kwenye vitundu vya mawe, kwenye chembe za mchanga, ndani ya mabomba na kwenye sponji za chujio. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Kimarekani jinsi alivyokuwa akifuga viumbe wa baharini kwa mawe hai, mapovu ya hewa na mwanga wa jua, na ufugaji wa matumbawe wa leo bado unategemea mawe hayo hayo. Anayeyatoa akayasugua kwa maji ya bomba yenye klorini, kisha akasuuza sponji kwa maji hayo hayo, ameua kile kilichokuwa kikiyasafisha maji, na siku chache baadaye amonia hupanda katika tangi linalong'aa. Sponji isuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, nusu leo na nusu baada ya wiki mbili. Mawe yabaki mahali pake.

Kuna pingamizi la haki hapa: kama maji ni sumu, kuwaacha viumbe ndani yake si ukatili? Yapo mambo yasiyongoja, nami sisemi yangoje. Maiti ya samaki au konokono itolewe saa hiyo hiyo. Pampu iliyoziba ifunguliwe, ilowekwe kwenye siki iliyochanganywa na maji, isuuzwe, irudishwe, kwa kuwa bila mzunguko hakuna oksijeni ya kutosha, hasa usiku ambapo mwani wote huo nao unavuta oksijeni. Joto lirudishwe polepole kati ya nyuzi 24 na 27. Chuma chochote kinachotoa kutu kiondolewe. Na kipimo kikionyesha amonia au nitriti nyingi, badilisha maji siku hiyo na punguza chakula. Lakini hizo ni dharura chache zinazotambulika kwa kipimo. Nitrati ya miligramu 80 kwa lita si dharura. Mwani si dharura. Wala utando mwekundu mchangani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote kingine, pima: joto, chumvi, pH, alkali, amonia, nitrati na fosfeti. Chumvi ndiyo inayowadanganya wengi. Maji yanapovukizwa chumvi haiondoki. Tangi la lita 200 lililojazwa kwa gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, likipoteza lita 25 kwa mvuke, linafika gramu 40 hivi. Mgeni akiona maji yamepungua huongeza maji ya bahari, na kumbe anazidisha chumvi. Kinachotakiwa ni lita hizo 25 za maji baridi safi, zigawanywe kwa siku nyingi. Samaki anaweza kurekebisha chumvi ya mwili wake kwa kiasi fulani. Tumbawe na konokono hawawezi: chumvi ya majini ndiyo ya miilini mwao, na ikibadilika kwa saa moja tishu zao hupata mshtuko.

Alkali na pH zina mtego mbaya zaidi, na hapa ndipo hoja ya kwenda polepole inapata ushahidi wake mzito. Bakteria wanapoigeuza amonia huzalisha asidi, asidi hiyo huila alkali ya maji, na katika tangi lisilobadilishwa maji pH hushuka mwezi baada ya mwezi. Katika pH ya chini sehemu kubwa ya amonia huwa katika umbo la amoniamu, ambalo halina sumu kali. Pandisha pH kutoka 7.8 hadi 8.3 na ile sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara tatu, ingawa jumla ya amonia haikubadilika hata kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha nusu ya maji kwa maji mazuri kabisa, asubuhi akakuta samaki wamekufa, akalaumu chumvi aliyonunua. Alkali ipandishwe isizidi dKH 1 (dKH ni kizio cha kupimia alkali) kwa siku hadi ifike 7 au 8, karibu na ile ya bahari. Magadi soda ya kawaida ya kuokea yanatosha: gramu 3 hivi kwa kila lita 100 hupandisha dKH 1. Yatumike yalivyo, bila kuchomwa katika oveni, maana yakichomwa hugeuka kuwa kaboneti inayoirusha pH juu. Magnesi ipimwe pia, na iwe karibu miligramu 1,300 kwa lita, la sivyo kalsiamu na alkali utakazoongeza zitagandana na kuwa unga mweupe juu ya pampu.

Nitrati hushughulikiwa kwa hesabu nyepesi. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, nitrati ya 80 itakuwa karibu 38 baada ya wiki saba na karibu 10 baada ya wiki ishirini, bila kuhesabu inayozalishwa upya. Atakayesema kwamba maji ya asilimia 90 kwa mara moja yangeifikisha 8 siku hiyo hiyo amehesabu sawa, ila kwa mkupuo huo amebadilisha pia chumvi, pH, alkali na joto. Maji mapya yalingane kwanza na chumvi na joto la tangi lilivyo, si na vipimo vya kitabuni. Vipimo vya kitabuni vitafikiwa hatua kwa hatua. Aliye Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuchota maji ya bahari, mradi achote maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji, na aache kabisa wakati wa masika. Maji baridi ya kujazia nayo yana lake. Ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvichumvi na nitrati, na ya bomba yana klorini. Mtambo wa kuchuja kwa utando, kama ule wa wauza maji ya kunywa, hutoa maji yanayofaa ukiyachukua kabla hayajaongezwa madini.

Fosfeti inahitaji subira kuliko vyote, kwa kuwa haikai majini tu. Hujishika kwenye kalsiamu kaboneti, yaani kwenye mawe na mchanga wenyewe, na fosfeti ya majini ikishuka mawe huanza kuiachia. Unapima leo miligramu 0.05 kwa lita, unafurahi, baada ya siku tatu imerudi 0.3. Hakuna ubadilishaji wa maji wa siku moja unaoweza kuyamaliza madeni yaliyojikusanya ndani ya jiwe kwa miaka. Dawa ni punje za oksidi ya chuma kwa kiasi kidogo, zikibadilishwa zinapochoka, pamoja na kupunguza chakula. Na isishushwe hadi sifuri. Tangi lisilo na nitrati wala fosfeti hushambuliwa na dinoflajeleti, utelezi wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa kijani. Nitrati kati ya 2 na 10 na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 zinatosha. Mchanga nao uwe na zamu yake: wa juu juu unyonywe kwa mpira sehemu ndogo kila unapobadilisha maji, na ule wenye kina kirefu, mweusi kwa chini, unaonuka mayai viza ukitikiswa, uachwe kabisa. Harufu hiyo ni haidrojeni salfaidi, nayo huua.

Mwani wenyewe ung'olewe kwa mkono, jiwe moja baada ya jingine, huku mpira ukivuta vipande vinavyoelea. Halafu waje walaji. Visiwa vya Karibi vilitoa somo kubwa mwaka 1983 na 1984, pale ugonjwa ulipowafyeka karibu nungu wote weusi wa baharini wa jamii ya Diadema, ambao hula mwani. Huko Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa na kimbunga kilikuwa kimeubomoa mwamba, matumbawe yaliyokuwa yamefunika zaidi ya nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalishuka chini ya asilimia 5 mapema miaka ya 1990, na mwani ukatwaa nafasi. Lakini pwani yetu inaonyesha upande wa pili. Utafiti wa Tim McClanahan na wenzake nchini Kenya umeonyesha kwamba palipovuliwa kikande na samaki wengine wanaokula nungu, nungu huongezeka mno na kuutafuna mwamba wenyewe. Kwa hiyo ninashauri konokono wachache kwanza, waongezwe kadiri mwani unavyowazidi. Kangaja, samaki mla mwani, awekwe tu kama tangi ni kubwa na nitrati imeshuka. Kundi la walaji linaloingizwa kwa mkupuo humaliza mwani kwa wiki chache, kisha hufa njaa na kuoza humo humo.

Wapo wanaosema haya yote ni mzunguko mrefu: chemsha mawe, uue mwani, anemoni wasumbufu wa Aiptasia na wadudu kwa pamoja. Hapa pingamizi langu si la uvumilivu tena, ni la uhai wa mtu. Baadhi ya viumbe jamaa wa matumbawe wa jamii ya Palythoa, wale wanaotambaa juu ya mawe kama zulia la vifungo, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana katika viumbe, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka 1971. Mvuke na matone ya maji yanayorukaruka huibeba hewani. Kati ya 2012 na 2014 watu kadhaa waliugua Anchorage, Alaska, kwa kuivuta madukani na majumbani. Usichemshe jiwe la tangi, usilimwagie maji ya moto, usilisugue kwa brashi kavu, na unapoligusa vaa glavu na miwani. Aiptasia naye asikatwe, maana kipande kidogo cha mguu wake hukua kuwa mwingine. Apakwe uji mzito wa chokaa mdomoni pampu zikiwa zimezimwa.

Kuna hali moja ambayo ninakubali kuanza upya: kama tangi liliwahi kutibiwa kwa shaba dhidi ya ugonjwa wa madoa meupe. Shaba hujishika kwenye mawe na mchanga na huendelea kuwaua konokono, kamba na matumbawe. Kinachofaa hapo ni kubadilisha mawe na mchanga.

Taa huwashawishi watu vibaya. Ukishapangusa kioo, ukatoa mwani uliokuwa ukielea na ukafunga taa mpya, tumbawe lililozoea kiza hupokea mwanga mara nyingi zaidi kwa siku moja. Mwani mdogo mno unaoishi ndani ya tishu zake, ule unaolilisha, huzidiwa, tumbawe huutoa, nalo hupauka. Miamba ya Bahari ya Hindi ilipauka hivyo mwaka 1998, ingawa chanzo kikuu huko kilikuwa joto. Taa ianze kwa saa chache na nguvu ndogo, iongezwe kwa wiki kadhaa. Mwani wa kwenye mawe nao utakosa mwanga wa kustawi katika kipindi hicho.

Swali la mwisho ni lini tangi limepona kiasi cha kupokea tumbawe jipya, na kioo safi si jibu. Katika bahari ya kutengenezwa ya Biosphere 2 huko Arizona, ambako mwani ulikuwa umestawi kuliko matumbawe, Chris Langdon na wenzake walichezea kemia ya maji, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo: kasi ya kujenga chokaa ilifuata moja kwa moja wingi wa kalsiamu na kaboneti majini. Kipimo hicho kinawezekana nyumbani. Acha kuongeza magadi siku tatu, usibadilishe maji, pima alkali kila siku saa ile ile. Ikibaki palepale, hakuna kinachojenga. Ikishuka kidogo kila siku, huku madoa ya waridi ya mwani wa chokaa yakianza kuonekana kwenye mawe na kwenye kioo cha nyuma, waliomo wameanza kujenga. Hapo tafuta kipande kimoja cha tumbawe kutoka kwa mfugaji mwingine, si cha kung'oa mwambani: matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kiweke chini, penye mwanga hafifu, na upime tena baada ya mwezi kabla ya kuleta cha pili.