KUOZA AU KUOZEA? ISTILAHI ZA VIWANGO VYA POLIMA KATIKA MBOLEA NA MATANDAZO YA SHAMBA

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza dhana ya polima zinazomalizwa na vijidudu udongoni, kama dhana hiyo inavyowekwa katika viwango vya mbolea na vya matandazo ya plastiki. Inadaiwa hapa kwamba kitenzi oza kikiwa peke yake hakibebi masharti ya viwango hivyo, yaani mahali, muda na kiasi. Tunapendekeza istilahi zijengwe juu ya kauli ya kutendea, ozea, ambayo kwa kanuni za sarufi humdai msemaji ataje mahali.

1.0 Utangulizi

Mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, upo katika eneo la kilimo cha mahindi, mpunga, karanga na tumbaku. Mkulima akaaye Majengo mjini humo hununua mbolea iliyotiwa katika mifuko ya plastiki iliyofumwa, mifuko ambayo wasemaji wengi wa Tanzania huiita sandarusi. Jina hili lina historia yenye funzo. Kwa asili sandarusi ni utomvu mgumu wa mti, ambao katika karne ya 19 ulichimbwa ardhini katika pwani ya Afrika Mashariki na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa kutengenezea vanishi. Utomvu huo ni polima ya asili. Tena ulikuwa umekaa ardhini miaka mingi pasipo kuoza. Jina hilo likaja kuhamia kwenye polima ya kiwandani.

Funzo lenyewe ni kwamba asili ya kitu haitoshi kutujulisha iwapo kitaoza. Hilo ndilo swali linalozikabili sasa bidhaa mbili za kilimo. Ya kwanza ni mbolea ambayo punje zake zimevikwa ganda jembamba la polima ili virutubisho vitoke kidogo kidogo. Ya pili ni matandazo ya plastiki, yaani karatasi nyembamba ya plastiki itandazwayo juu ya tuta ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu, mahali pa matandazo ya nyasi. Bidhaa zote mbili huachwa shambani, na zote mbili huweza kuuzwa kwa sifa ya kwamba “zinaoza”. Mkulima ataliamini neno hilo. Kwa hiyo ni wajibu wa wanaistilahi kulichunguza.

2.0 Yasemwayo na Viwango

Kiwango cha Ulaya EN 17033 cha mwaka 2018 kinahusu matandazo ya plastiki yanayomalizwa na vijidudu udongoni. Kinadai kwamba sehemu 90 kwa mia ya kaboni iliyomo igeuzwe kuwa hewa ya ukaa katika muda usiozidi miaka 2, katika udongo wa maabara wenye joto lisilobadilika, kati ya nyuzi 20 na 28 za Selsiasi. Sehemu iliyosalia haihesabiwi kuwa plastiki yote, kwa sababu baadhi ya kaboni huingia katika miili ya vijidudu vyenyewe.

Kiwango cha EN 13432 cha mwaka 2000 kinahusu vifungashio vinavyopelekwa kwenye mboji ya kiwandani. Hapa muda ni miezi 6, na joto ni takriban nyuzi 58. Polima inaweza kufaulu mtihani huu wa pili na ikashindwa ule wa kwanza. PLA, kwa mfano, humalizika vizuri katika joto la lundo la mboji ya kiwandani, lakini katika udongo wa kawaida hukawia mno.

Kuhusu mbolea, Umoja wa Ulaya ulitunga mwaka 2019 kanuni namba 1009, iliyotaka ganda la polima liwekewe vigezo vya kuoza. Mwaka 2023 ilifuata kanuni namba 2055 dhidi ya chembechembe za plastiki, ambayo kwa bidhaa za mbolea iliweka kipindi cha mpito hadi Oktoba 2028. Ganda la mbolea hupimwa kwa miezi 48 baada ya muda wake wa kufanya kazi kwisha. Yaani ganda linatakiwa lidumu kwanza, kisha ndipo limalizike.

Katika viwango vyote hivi hakuna mahali panaposemwa tu kwamba kitu “kinaoza”. Daima husemwa kinaozea wapi, kwa muda gani, kwa kiasi gani na katika joto gani.

3.0 Oza na Jamaa Zake

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza kuharibika kwa vitu. Nyama, tunda, jino na gogo huoza. Nguo huchakaa. Chuma hushika kutu. Udongo hutumomonyokea. Ubao hulika kwa mchwa. Katika kundi hili, oza ndicho kitenzi kinachokaribia zaidi kazi ya vijidudu, na tungekosea kukiacha na kukopa neno geni. Hata hivyo kina udhaifu wa aina tatu.

Kwanza, ni kitenzi kisicho elekezi na hakimtaji mtenda. Tulinganishe:

(1) Plastiki hii imeoza.
(2) Plastiki hii imesagika kwa jua.

Mtu aonaye vipande vidogo vya plastiki shambani aweza kutamka (1) ilhali kilichotokea ni (2). Kuna plastiki zilizotiwa kemikali za kuzifanya zikatikekatike upesi kwa hewa na jua. Plastiki hizo hutoweka machoni, lakini chembe zake hubaki udongoni. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni mwaka 2021.

Pili, mnyambuliko wa kitenzi hiki una mgongano wa maana. Kuoza na kuozesha ni pia kumfungisha mtu ndoa, kutokana na oa. Muktadha hutatua jambo hili kwa urahisi. Lililo zito zaidi ni nomino uozo, ambayo imekwisha kuchukua maana ya ufisadi na upotovu wa maadili, na kwa hiyo haifai kuwa jina la sifa njema ya bidhaa.

Tatu, ni suala la njeo. Umbo iozayo halina njeo na linaonyesha sifa ya kudumu. Inayooza laweza kueleweka kuwa jambo linaloendelea sasa. Inayoweza kuoza ni ahadi isiyo na tarehe. Baadhi ya wanaistilahi wangependelea ozeka, kwa mfano wa pitika na fikika. Umbo hilo ni sahihi kisarufi, ila linarudia udhaifu wa kwanza: linaeleza uwezekano na kunyamazia masharti.

4.0 Kauli ya Kutendea

Tazama sasa mifano ifuatayo:

(3) Mahindi yameozea shambani.
(4) Mwizi yule ataozea jela.
(5) *Plastiki hii huozea.

Sentensi ya (3) na ya (4) zimekamilika. Ya (5) haikubaliki, isipokuwa pale ambapo mahali pamekwisha kutajwa. Msikilizaji hungoja aambiwe wapi. Kiambishi cha kutendea hapa kinafungua nafasi ambayo haina budi kujazwa na neno la mahali, kama ilivyo katika fia: tunasema “alifia Mpanda”, wala hatusemi “alifia” tukanyamaza. Kauli hiyo huweza pia kuonyesha mtu aliyepatwa na hasara, kama katika “nyanya zimemwozea”, lakini hapo kitenzi hubeba kiambishi cha yambwa, na kwa hiyo maana hizo mbili hazichanganyiki.

Kwa maneno mengine, sharti la kwanza la viwango, yaani mahali, limekwisha kuwekwa na sarufi ya Kiswahili yenyewe. Atakayeandika “huozea” kwenye mfuko wa mbolea atalazimika kuchagua kati ya udongoni na mbojini.

5.0 Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) usagikaji: plastiki kukatika vipandevipande kwa jua, joto au nguvu, bila kujali hatima ya vipande hivyo;
(b) uozaji kamili: polima kugeuzwa na vijidudu kuwa hewa ya ukaa, maji, chumvichumvi na miili ya vijidudu;
(c) uozeaji udongoni: uozaji kamili unaotokea katika udongo wa shamba;
(d) uozeaji mbojini: uozaji kamili unaotokea katika joto la mboji ya kiwandani;
(e) muda wa kazi na muda wa kuoza: vipindi viwili vinavyofuatana katika maisha ya ganda la mbolea.

Aidha, istilahi (c) na (d) ziandamane daima na muda, kiasi na hali ya kipimo. Kwa mfano:

(6) Matandazo haya huozea udongoni: sehemu 90 kwa mia katika miezi 24, katika udongo wenye unyevu na joto la nyuzi 25.

Huenda ikasemwa kwamba tumevunja kanuni ya ufupi. Ni kweli kwamba istilahi nzuri huwa fupi, lakini uwazi hutangulia. Mpanda hupata mvua msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki udongo hukauka. Vijidudu huhitaji unyevu, na kazi yao hupungua udongo ukikauka. Basi miezi 24 ya maabara si lazima iwe miezi 24 ya shamba la Majengo. Mkulima aliyesoma “inaoza” hana la kulinganisha. Aliyesoma sentensi (6) ataona neno unyevu na kuukumbuka mwezi wa Agosti.

6.0 Hitimisho

Kanuni zilizopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara, zilizoanza kutumika tarehe 1 Juni 2019, hazikugusa vifungashio vya sekta ya kilimo. Kwa hiyo plastiki itaendelea kuingia mashambani, na lebo ndiyo itakayomwongoza mkulima. Ingefaa Baraza la Kiswahili la Taifa na Shirika la Viwango Tanzania wakubaliane istilahi kabla wauzaji hawajazikubalisha zao. Neno likishazoeleka sokoni ni vigumu kulirekebisha, na plastiki iliyokwisha kufukiwa chini ya tuta kwa kuliamini neno hilo ni vigumu zaidi kuiokota.