Rangi ya unga kwenye vyuma vya saspensheni: kagua kwanza, ndipo upake

Wengi mmeniuliza inboksi nafanyaje hapa nyumbani mpaka vyuma vya chini ya gari vinatoka vinang'aa vile. Leo nafunguka, ila naanza na hasara, maana ndiyo iliyonifunza.

Nauza spea zilizotumika, nyingi ni mikono ya chini ya magari madogo, ile mafundi wanaiita loa amu. Mwanzoni nilikuwa nasugua kutu, napaka, napiga picha, naandika "kama mpya". Zilikuwa zinaondoka siku hiyo hiyo. Kisha nikatuma mmoja Mwanza kwa basi. Siku ya tatu simu inaita, ni fundi wa mteja: "Bosi, hiki chuma ulikikagua kabla ya kupaka?" Alikuwa anaingiza bushi kwa presi, rangi ikabanduka pembeni ya weldi, akaona ufa. Akanitumia na picha. Nilirudisha hela yote pamoja na nauli ya mzigo, lakini kilichoninyima usingizi si hela. Mkono wa chini ndio unaoshikilia tairi. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, dereva hana la kufanya. Na gari lile lilikuwa la kubeba wanafunzi.

Rangi ya unga ikishaiva huwa na unene wa kama maikroni 60 hadi 80, karibu na karatasi ya daftari. Inafunika mikwaruzo vizuri sana, na ufa inaufunika vilevile. Kwa hiyo siku hizi kazi yangu kubwa iko kabla ya rangi.

Natoa bushi na boli jointi zote. Boli jointi isiyotoka, chuma hicho hakiingii kwenye oveni, mpira na grisi vitaungua. Naosha grisi, kisha napeleka kwa jamaa anayepiga mchanga, maana brashi ya waya haifiki kwenye kona. Chuma kikiwa kitupu napaka mafuta ya taa kwenye weldi zote na kuzunguka matundu, naacha nusu saa, nafuta mpaka pakauke, halafu nanyunyiza unga wa chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yanapanda taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Mbinu ya zamani hii, na ufa mdogo sana unaweza kuipita, lakini imeshaniokoa mara nyingi. Chenye ufa sikichomelei. Nakikata vipande viwili kwanza, ndipo nakiuza kilo kwa wa skrepa, asije mtu akakiokota akakifunga.

Kilichofaulu nakiosha kwa sabuni na maji ya moto hadi harufu ya mafuta iishe, kikauke, kisha nakioka kitupu. Mafuta yaliyobaki ndani yakitoka baadaye, rangi inajaa vitundu.

Sasa kuziba. Tundu la bushi, shimo la boli jointi, nyuzi za bolti, na uso ule bolti inapobana: kote huko weka tepu inayovumilia joto. Ukiacha rangi pale bolti inapokaza, rangi itakuja kupondeka na bolti italegea. Hapa wengi wanaharibu, bana.

Kupuliza ndiyo sehemu rahisi. Bunduki inaupa unga chaji ya umeme, chuma kinaungwa na waya wa athi, unga unajishika wenyewe. Ndoano ya kuning'inizia isiwe na rangi, la sivyo athi haipiti. Vaa barakoa, na usipulizie karibu na jiko, sigara wala cheche yoyote, maana unga ukitanda hewani unaweza kulipuka. Oveni iwe ya umeme, na isirudi tena kupika chakula! Unga mwingi unaiva kwa nyuzi 200 kwa dakika 10 hivi, ila soma maelezo ya boksi lako. Dakika zinahesabiwa chuma chenyewe kikishafika joto hilo, si tangu ulipowasha. Chuma kinene kinachukua muda, na LUKU inakwenda, kwa hiyo naoka vitatu kwa pamoja.

Shokapu usithubutu kuiweka kwenye oveni. Ndani ina mafuta na mara nyingi gesi iliyoshindiliwa, inaweza kupasuka. Mikono ya aluminiamu nayo siipaki, joto linaweza kuipunguzia nguvu.

Kwenye tangazo nilishaacha "kama mpya". Naandika: "Mkono wa chini, umetumika, umekaguliwa nyufa kwa chaki, umepakwa rangi ya unga. Bushi na boli jointi hazimo." Naweka picha tatu: chuma kitupu, chuma chenye chaki, na kilichopakwa. Mteja akiniuliza kama rangi imekiongezea nguvu, namwambia hapana, inazuia kutu tu. Wapo wanaokimbilia cha bei ya chini, sawa. Ila mafundi ndio wanaorudi, na fundi mmoja anaagiza zaidi ya wateja watano wa kawaida.

Ukifungasha kwa basi, kila kipande kifunge peke yake kwa boksi nene. Vikigongana njiani rangi inamegeka, na mteja atakuomba umpunguzie bei.